Fundo

Bi Somoe Nachilapa hakuweza kufungua fundo.
Alininyooshea pindo la khanga juu ya kaunta
nami nikalifungua, nikahesabu mbele ya macho yake,
mia tano, mia mbili, mia mbili, mia,
nikairudisha chenji nikaifunga, nikakaza kidogo tu,
maana nyumbani nani angemfungulia?

Vifundo vya vidole vilikuwa vimepinda
kama ming'oko iliyoota kwenye mawe,
vidole vyote vimelalia upande mmoja.
Mikono iliyobangua korosho miaka ishirini,
mafuta ya ganda yakaibabua hata alama za vidole zikafutika.
Siku ya kujiandikisha kura
mashine ilimkataa mara tatu.

Baridi yabisi, aliambiwa.
Jina hilo lilinipoteza.
Nilidhani ni ule ukungu wa Newala,
unaopanda alfajiri kutoka bonde la Ruvuma,
kwamba ni jambo la sweta na maji ya moto.
Mpaka siku nilipomshika kiganja nimpe dawa:
kilikuwa kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Baridi gani hii?

Nikampa vidonge.
Kumi kwa wiki. Wakati wa palizi, ishirini.
Msimu wa korosho nikamwekea kopo zima chini ya kaunta,
"Lako hili, Mama, usihangaike kupanga foleni."
Akaniletea mabibo, beseni limejaa, nzi wanamfuata.
Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayenishikia jembe."

Miaka sita.
Daftari langu lina tarehe, idadi, bei.
Jina lake limo mara mia tatu na kitu.

Kisha miguu.
Alikuja amevaa kandambili za marehemu mumewe.
Nikasema punguza chumvi. Nikasema ni kutembea sana.
Habari ya mkojo hakunigusia;
mtu mzima hamwambii kijana wa dukani
kwamba chooni anaacha povu kama la kufulia.

Ni binti yake, Fatu, aliyempeleka Ligula.
Alinisimulia akiwa mlangoni, hakutaka kuingia:
kwamba daktari, msichana wa rika lake,
aliomba korosho moja kwenye kifuko cha Mama
akailaza juu ya karatasi ya majibu.
"Umbo lake ndilo hili. Unazo mbili, huku mgongoni.
Kazi yake kupepeta."
Kwamba Mama alicheka,
"Basi zangu ghalani wangesema daraja la pili."
Daktari hakucheka.
Fatu akauliza nani amezila, ugonjwa au dawa.
Akajibiwa kwamba ugonjwa una mkono wake,
dawa nazo zina mkono wake,
na damu haisemi nani alitangulia.

Neno hilo ninalo mpaka leo,
kama risiti iliyofutika wino:
sijui nimelipa au nadaiwa.

Jumanne alikuja mwenyewe, taratibu, akishika ukuta.
Ana kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni,
ana tarehe ya kupimwa damu,
ana marufuku iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu
na jina la vidonge vyangu limepigiwa mstari mara mbili.
Akaninyooshea pindo la khanga.

"Mama," nikasema, "wewe sikuuzii tena."
Nilikuwa nimeyaandaa maneno mengine.
Usiku kucha nilikuwa nayo. Hayakuja.
Nyuma yake mwanamume wa makamo
amejifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono,
anagonga sarafu kwenye kioo.

"Nani kataka dawa?" akasema Bi Somoe.
"Nifungulie tu. Nataka sabuni pale kwa Mnali,
na yule hana subira."

Nikainama. Fundo dogo, la kawaida,
nililolifunga mimi mwenyewe wiki tatu zilizopita.
Lilinichukua muda mrefu.
Yeye akasubiri, kiganja wazi,
bila kusema kitu.